Mtoto Ambaye Mke Wangu Hakuambiwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza sebule ya mama mjane wa kona. Nyeupe pe! Rangi ya kopo ilikuwa na umanjano, siku hizi viwandani wanalipua kazi tu, basi nikaongeza buluu, nikaongeza tena, hadi ikatulia. Mama akaingia, akashika kiuno, akauliza kwa nini nimempakia bahari ukutani. Nikamwambia ni kivuli cha mapazia. Akasema hana mapazia.

Akamwita Msasa, fundi rangi mwenzangu na adui yangu, aje aamue. Msasa akacheka mpaka akashikilia ngazi. Eti nikapimwe macho. Wivu! Anajua mwalimu mkuu anatafuta fundi wa kupaka madarasa yote ya shule.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa daktari wa macho kimyakimya, nipate cheti cha kumziba Msasa mdomo. Cheti sikupata. Nimepata mtoto wa jicho. Yaani lenzi ya ndani ya jicho imeingia ukungu, kama kioo cha dirisha la jikoni. Macho yote mawili! Nikauliza kama anaweza kuukwangua na kupiga koti jipya la rangi. Akasema ukungu uko ndani, si juu. Matone hayausafishi, miwani haiuondoi. Ni upasuaji: lenzi chakavu inatolewa, ya bandia inawekwa. Presha ya macho sina, huo ni ugonjwa mwingine. Nilijisikia vizuri kukosa kitu.

Uamuzi: mke wangu asijue. Akijua yeye, atajua kaka yake. Akijua kaka yake, atajua Msasa. Hao ni chanda na pete.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia daktari simu uani, nimejificha nyuma ya nguo zilizoanikwa. Nikamwambia huyu mtoto nimekaa naye miaka bila kujua, na mke wangu asisikie kabisa. Mke wangu alikuwa upande wa pili, anaanua.

Jioni mama mkwe kafika na begi. Shemeji kakunja mikono ya shati. Nikadhani wamekuja kunipa pole, nikawashukuru. Shemeji akauliza kama ni mmoja tu. Nikasema wawili, wa kulia ndiye mkubwa. Mama mkwe akakaa puu!

"Mapacha!" akasema. Akataka kujua mama yao nani. Nikamjibu kwamba daktari anasema ni umri tu.

Mke wangu akauliza kwa sauti ndogo nitawafanya nini. Nikasema nitawatoa, kulia kwanza, kushoto baadaye. Kisha akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye taa, akachungulia mboni. Akaona weupe.

"Mtoto wa jicho, mume wangu?"

Akalia. Kisha akanichapa kwa taulo. Mpaka sasa sielewi kosa langu.

Alhamisi, 13 Machi
Upasuaji, jicho la kulia. Ganzi ya matone. Niko macho kabisa, naona mwanga na vivuli, maumivu hakuna. Nikamshauri daktari aanzie kwenye pembe, kama sisi mafundi. Muuguzi akaniomba ninyamaze. Anasema mke wangu hakukaa hata mara moja muda wote huo. Ajabu. Viti vilikuwepo.

Ijumaa, 14 Machi
Wamefungua bandeji. Lo! Gauni la mke wangu lina maua! Nikamsifu kwa gauni jipya. Akasema analo tangu mimba ya kifungua mimba wetu.

Jumapili, 16 Machi
Nimekwenda sebuleni kwa mjane. Jicho jipya: buluu tupu! La zamani: nyeupe. Nikafumba hili, nikafumbua lile, mpaka mjane akaniuliza kama namkonyeza. Nimechanganyikiwa. Mke wangu anasema daktari alieleza: lenzi ya zamani hufifisha na kutia umanjano, mpya ndiyo inayosema kweli. Mke wangu hajui rangi.

Kwa bahati mwalimu mkuu alikuja kukagua kazi yangu. Mzee wa watu. Akausogelea ukuta hadi pua ikagusa, akasema maishani hajaona weupe kama huu. Madarasa yote nimepewa mimi! Akanipa mkono, akaliaga na kabati.

Sasa nimeelewa. Lenzi mpya imetoka kiwandani na kasoro ya buluu. Upasuaji wa kushoto nimeufuta. Hilo ndilo jicho la kazi. Kesho naanza darasa la kwanza. La kulia nitalifunga kitambaa, lisije likaniharibia rangi.