Tupa Yangu na Nyonga ya Mama Mkwe

Leo nimeumbuka. Tena mbele ya mama mkwe!

Mnajua nyonga yake imekwisha. Anaishi kwa shemeji yangu pale Kaloleni, na kutoka kitandani hadi mlangoni ni safari ya machozi. Daktari alitaka kumwekea kiungo cha chuma, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kukubali au kukataa. Mama alikuwa amekataa. Kisa? Mimi. (Nyamazeni kwanza.)

Kazi yangu ni kuchovya bampa za magari kwenye nikeli zing'ae. Jumapili niliposikia hicho chuma kimepakwa utando, nikatangaza kwa sauti, "Kitabambuka! Tena ndani ya mwili!" Maneno yakamfikia.

Basi asubuhi tukafika kliniki. Mama benchi la dirishani, mimi la mlangoni, mke wangu Nekesa katikati akipitisha maneno. Kwetu Bungoma mama mkwe hasogelewi, wala hatazamwi usoni.

Daktari akatoa mfano wa kile kiungo: goroli ya chuma, kubwa kama ndimu, inang'aa kama dhahabu.

"Huu wa juu ni utando mgumu," akasema. "Unazuia chuma kuliwa kikisuguana."

"Daktari, mimi ni fundi. Huko ni kupaka tu." Nikachomoa mfukoni tupa yangu ya kukwangulia chuma. (Ndiyo, nilikuja nayo. Mimi sipokei chuma kabla sijakipiga tupa.)

"Baba Brayo, wachana na hiyo kitu!" Nekesa akanong'ona.

"Mwache ajaribu," daktari akacheka. "Hii ni ya kuonyesha tu."

Nikapiga. Hakuna hata mkwaruzo. Nikapiga tena, tupa ikateleza kama iko juu ya sabuni. Watu wa foleni wakasogea kutazama. Nikauma meno, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Goroli ikachomoka! Ikadunda sakafuni, ikabingirika, ikaingia chini ya benchi la dirishani.

Nikaifuata kwa magoti. (Akili nilikuwa nimeiacha wapi?) Nikaikamata, nikainua kichwa, na pua yangu ikagusa kiatu cha mama mkwe. Nekesa kajifunika uso kwa leso.

Mama akaichukua goroli mkononi mwangu, akaigeuza kwenye mwanga. Haina alama. Akaitazama tupa. Meno yamelala. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akasema nami moja kwa moja.

"Fundi, umeshindwa?"

"Nimeshindwa, mama."

"Daktari, lete hiyo fomu. Kama huyu na tupa yake hawakuiweza, mimi nitaimaliza na nini?"

Akatia sahihi. Nimefurahi, siwadanganyi, nilikaribia kulia.

Sasa shemeji anasema lazima nitoe mbuzi wa faini, nyumbani Bungoma, kwa kusogelea miguu ya mkwe. Nitatoa. Lakini atakayecheka hapa ndiye atakayemvuta huyo mbuzi hadi Bungoma.