Mochama na Kufuli Zenye Pini za Kiuno

Fujo ya siku hiyo ililetwa na simu ya Kiptanui. Wateja walikuwa kwenye benchi la kioski ya chai ya Janefer pale sokoni Chepilat, mkabala na kituo cha kupimia majani chai, wakisubiri lori la kiwanda ambalo "lilikuwa kwa kona" tangu saa nne asubuhi. Kiptanui, wanayemwita Spika kwa sababu hakuna anayeongea kabla yeye hajamaliza, akavaa miwani.

"Sikizeni hii. Kuna mzee huko Ulaya ameweka kufuli elfu tatu kwa nyumba. Za zamani. Watu wanalipa kuziangalia!"

"Kuangalia kufuli?" Janefer akasimama na birika mkononi. "Si hiyo ni kuangalia mlango umefungwa?"

Macho yakamgeukia Mochama, maarufu kama Makufuli. Yeye alikuwa na kumi na tisa, karibu yote makuukuu kumliko. Siku nyingine angeshangilia habari ile mpaka chai ipoe. Leo roho ilikuwa juu, maana mkewe Nyabate aliamka ameapa: kabla mvua ya saa nane haijanyesha, makufuli yote yatakuwa kwenye mizani ya Ouko, mnunuzi wa skrepu.

"Spika, msomee Nyabate hiyo," Mochama akaomba.

"Mimi? Niingilie nyumba ya watu? Bibi ya mtu akikasirika, hata chifu anapitia njia ya chini."

"Mimi sina maneno na ndoa yako, mzee," Ouko akasema, akifuta ndoano ya mizani yake. "Kwangu chuma ni chuma. Iwe kufuli, iwe jembe, inapimwa kwa kilo."

Hajamaliza, Nyabate huyo, gunia begani. Akalibwaga mbele ya benchi mpaka vikombe vikaruka.

"Ouko, pima."

"Mama Velma, ngoja kidogo..." Mochama akaanza.

"Nimengoja miaka sita, Baba Velma! Mgeni akikanyaga kwangu anauliza kama tumefungua jela. Ukutani kufuli, chini ya kitanda kufuli. Nimetafuta mwiko nikashika kufuli!"

Benchi zima likacheka, na kicheko kile kilimuuma Mochama. Akapiga goti, akafungua gunia, akatoa kufuli moja nene la shaba lililochakaa kingo.

"Hii ilifunga stoo ya mbolea ya shamba la majani kabla Spika azaliwe. Kufuli zenu, pini za ndani zimenyooka tu, kama askari wa gwaride. Hii, pini zake zina kiuno, kama kibiringo cha uzi wa cherehani. Mwizi akichokora na waya, pini inajifanya imekubali. Jamaa anafurahi! Kumbe imemshika hapo kiunoni, haendi mbele, harudi nyuma."

"Kama mchumba wa kwanza wa Spika," Janefer akadakia.

"Yule alienda mbele," Spika akasema. "Ni mimi nilibaki."

"Na hii nyingine," Mochama akaendelea, jasho likimtoka, "ina pini pande nne. Ufunguo wake uko kama msalaba. Ilinichukua miezi minane kuielewa."

"Miezi minane!" Nyabate akapiga makofi. "Na mfereji unavuja tangu Velma aende chuo Kabianga!"

Ouko akaning'iniza gunia. Mshale ukashuka. Mochama aliona mambo yamemwendea kombo, akaruka akashika mkono wa Ouko.

"Mmoja wenu akinishinda kwa hili, pima hata mimi. Spika, toa ufunguo wa kibanda chako cha ng'ombe. Weka kwa kufuli ya Janefer."

"Ya nini? Ile ni ya kioski yake."

"Weka tu!"

Spika akainuka kwa madaha, akatia ufunguo katika kufuli la njano linalong'aa kwenye mlango wa kioski, akazungusha. Tak! Likafunguka.

Janefer akaweka birika chini.

"Mzee Kiptanui," Janefer akasema polepole, "kwani anayeniibia sukari ni wewe?"

"Haki ya Mungu sijui! Nilinunua hapa sokoni!"

"Hata mimi nilinunua hapo hapo!" Ouko akapaza sauti. Akachukua ufunguo wa Janefer, akajaribu kwenye sanduku la pikipiki yake. Tak! Wachumaji waliokuwa foleni kituoni wakatoa funguo zao, na zote, kuanzia mbele hadi nyuma, zikafungua kufuli la Janefer. Ouko akashika kichwa. "Yadi yangu! Kumbe ninalala na Chepilat yote ndani!"

"Mbio nyumbani!" mmoja akapiga kelele.

"Mbio na nini?" Spika akauliza. "Si utafunga na ile ile?"

Hapo ndipo wote walipoliangalia gunia.

Ouko alikuwa wa kwanza kutia mkono, mizani kaiacha inabembea. Wakafuata Spika, Janefer, wachumaji, na Nyabate mwenyewe, aliyeng'ang'ania lile la pande nne. Kila mtu alinyakua kufuli lililo wazi, akachomoa ufunguo wowote uliomjia mkononi kwenye waya wa funguo uliokuwa humo guniani.

"Ngojeni niwapangie funguo!" Mochama alilia. "Kila moja na yake!"

"Ufunguo ni ufunguo, Makufuli!" Spika akamjibu akitimua mbio. "Si umetuonyesha sasa hivi?"

Mochama akabaki peke yake na gunia tupu. Lilimuuma kuliko mizani. Akajimiminia chai mwenyewe, maana hata mwenye birika alikuwa amekimbilia nyumbani kwake.

Kabla hajaimaliza, simu ikalia. Ilikuwa Spika, ng'ombe walikuwa wakilia nyuma yake, saa ya kukamua imefika na kibanda kimekataa. Ikalia tena: Ouko, amefungiwa nje ya yadi yake. Ya tatu ilikuwa Nyabate, sauti imelainika sana.

"Baba Velma, fundi wangu. Nimefunga stoo. Huu ufunguo hauingii hata ncha."

"Waambie wote walete funguo hapa benchi," Mochama akasema bila haraka. "Nitapanga. Lakini kila kufuli inarudi ukutani kwangu, Mama Velma. Zote kumi na tisa."



"Zirudi. Misumari nitakushikia mwenyewe. Njoo tu ufungue, unga wa ugali uko ndani."