Homa ya Sista

Jumatatu, 4 Machi

Sijawahi kumwambia mtu hili: ile lugha ya pili ninayopata nayo alama za juu, naijua kwa kuandika tu. Ikizungumzwa haraka naambulia vipande. Darasani natikisa kichwa, mambo yanapita. Leo nimetikisa kichwa hospitalini.

Baba ni fundi saa. Babu alipigwa kiharusi, mkono ukalala moja kwa moja, na Baba anauogopea mkono wake kuliko roho yake. Ndiyo maana akaenda kupimwa damu. Daktari ni mgeni, Kiswahili hana. Mkalimani: mimi! Mama alikuwa ameshawatangazia wagonjwa wote kwamba binti yake anaitema lugha ile kama maji.

Daktari akafyatuka. Nikadaka "homo". Nikadaka "sista". Nikamwambia Baba ana homa ya sista.

Baba akauliza sista yupi. Anaye mmoja tu: Shangazi, aliyekuja kutusalimia mara moja, mwaka jana, na hajaondoka. Analala kitandani kwangu. Mimi nalala sakafuni.

Ningeweza kujirekebisha. Nikaukumbuka mgongo wangu. Daktari akasema imezidi, ipunguzwe. Nikatafsiri: sista amezidi, apunguzwe.

Baba akashusha pumzi. Akasema tangu utotoni alikuwa anahisi.

Baada ya hapo sikuweza tena kujizuia. "Foliki" ikawa foleni: Baba akae kwenye foleni kila siku. Halafu amepungukiwa na Bi wa kumi na mbili. Na vidonge? Vya sista, bila shaka.

Alhamisi, 7 Machi

Tiba imeanza. Baba anafunga kibanda na kwenda kupanga foleni benki. Akifika dirishani anashukuru, anarudi nyuma kabisa. Jioni anasema miguu inawaka moto ila damu anaisikia nyepesi.

Mama anataka kujua Bi wa kumi na mbili ni nani, na wale kumi na mmoja wamewekwa wapi. Baba ameapa. Mama akamwambia basi huyo Bi ndiye ampikie.

Shangazi hatakiwi kumkaribia Baba. Anamwamkia kutoka uani kwa kupiga kelele, shikamoo kaka, majirani wanaitikia. Lakini kuondoka? Wapi! Bado yuko kitandani kwangu, anameza vidonge kwa utiifu. Mashavu yameanza kung'aa.

Jumamosi, 16 Machi

Balaa! Nilimwuliza mwalimu wa baiolojia, kwa kunong'ona, homa ya sista ni nini. Akacheka hadi akakaa. Akaliandika ubaoni: homosisteini. Neno moja! Ni kitu kilichomo katika damu ya kila mtu. Kikizidi, huambatana na hatari kubwa zaidi ya kiharusi. Asidi ya foliki na vitamini B12 hukishusha.

Na Baba hajameza hata kidonge kimoja.

Nikaenda kibandani kukiri. Alikuwa amebana gurudumu dogo kama chawa kwa koleo, mkono umetulia tuli. Nikasema pole na kazi, Baba. Nikarudi nyumbani.

Mpango mpya. Niliiba kidonge cha Shangazi, nikakisaga, nikakitia kwenye uji wa Baba. Safi! Baba akainua kikombe, akauliza nani amekoroga. Shangazi akajibu kutoka uani kwamba ni yeye. Baba akakisukuma mbali. Shangazi akasema uji hautupwi. Akaunywa wote. Leo amemeza viwili.

Jumanne, 2 Aprili

Tumerudi hospitalini. Kiwango kiko pale pale. Safari hii alikuwapo muuguzi anayejua lugha zote mbili. Shida yangu ndiyo hiyo.

Akauliza kama vidonge vinamezwa. Baba, kwa fahari, akasema ndiyo, dada yangu anavimeza vizuri sana.

Muuguzi akaanza kueleza, polepole, neno kwa neno. Homosisteini pekee haimaanishi kiharusi lazima kije, akasema, lakini si ya kuachwa, na presha nayo ipimwe.

Baba hakufoka. Tulipofika nje aliukunjua mkono wake wa kulia mbele yangu. Akasema, huu mkono, mwanangu. Basi. Nilitamani ardhi inimeze. Akameza kidonge palepale, bila maji.

Niliapa sitatafsiri tena maishani.

Jumatano, 3 Aprili

Baba anameza dawa. Mama ameambiwa Bi wa kumi na mbili ni vitamini tu. Anasema ataamini akimwona.

Shangazi naye, tangu anyang'anywe vidonge, anajisikia mlegevu. Anataka kumwona daktari kimyakimya, muuguzi asijue. Ameniomba niende naye nikamtafsirie.

Nimekubali.

Daktari aseme atakalo, Kiswahili chake tayari ninacho: hewa ya chumba hiki haimfai, arudi kwake. Safari hii nitasema polepole, neno kwa neno, kama muuguzi.

Nyayo! Kandambili za Shangazi. Nachomeka daftari chini ya mto wa kitandani. Lo! Mto wak