Kichezeo Nambari Moja cha Teritwari ya Fizi

Wananchi wote wa teritwari ya Fizi, wa milimani na wa ufukoni, walijulishwa kwa furaha kubwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtoto wa chini ya miaka miwili atakayechekeshwa bila idhini. Tangazo lilisomwa redioni mara tatu. Likabandikwa pia kwenye lango la soko la mji wa Baraka, na kwa faida ya wale wasiojua kusoma, likabandikwa mara mbili.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Ofisi ya Uteuzi wa Vichezeo na Utulivu wa Watoto Wadogo. Msicheke, sababu ilikuwepo. Mwezi uliotangulia mkubwa mmoja alikuja kutoka mbali kuhutubia juu ya subira, na katoto kamoja mgongoni mwa mama yake kakalia dakika kumi na moja mfululizo. Mkubwa akauliza, "Huyu mutoto hana kitu ya kuchezea?" Aliuliza tu, maskini, ili apate kumeza mate. Lakini swali lilipopita kwenye meza ya kwanza likawa ushauri, kwenye meza ya pili likawa agizo, na lilipofika meza ya tatu lilikuwa tayari lina jengo na bendera.

Akateuliwa kuwa chef, yaani mkuu, wa ofisi Bwana Anatole Wilondja, mtu wa Fizi-Centre, mwenye kola ngumu na sauti ya kusoma matangazo. Ujuzi wake katika mambo ya watoto haukuwa na shaka: alikuwa nao sita, na wote alikwisha kuonana nao. Alishuka Baraka na meza moja, viti viwili, muhuri mmoja, na sekretere mmoja aitwaye Solange. Solange alikuwa na akili kushinda vifaa vingine vyote vya ofisi vikiwekwa pamoja, ila hilo halikuandikwa kwenye orodha.

Anatole alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni Bukavu. Alikuwa ameahidiwa kwamba ukaguzi ukija ukakuta ofisi inafanya kazi, atapandishwa kwenda huko makao makuu, awe mkurugenzi wa jimbo zima, mwenye jeep. Hiyo jeep alikwisha kuifikiria mpaka akajua rangi ya viti vyake. Ikikosekana, angerudi kule mlimani kukagua madawati ya shule yaliyovunjika, kazi aliyoifanya miaka kumi na saba, na madawati yalikuwa bado yamevunjika. Wazo hilo lilimtia homa.

Kwa hiyo aliandika kanuni mwenyewe, kurasa arobaini na moja. Moyo wake ulikuwa kifungu cha tatu: "Kichezeo ni kitu chochote kile, cha aina yoyote ile, kinachomfanya mtoto mdogo atulie kwa furaha muda wa dakika thelathini. Kikishathibitishwa, kitapewa nambari, kitakuwa mali ya serikali, na kitazungushwa vijijini kwa zamu ili watoto wote wafaidi sawasawa."

Solange aliuliza kama hilo "chochote kile" halikuwa pana kidogo.

"Lazima ikuwe pana," Anatole akamjibu. "Tukiandika mupira, batatuletea bakuli. Tukiandika bakuli, batatuletea kijiko. Serikali haiwezi kukimbizana na kijiko."

Wiki ya kwanza kazi ilikwenda vizuri sana. Ofisi ilikamata mabeseni kumi na manne, miiko, vifuniko vya sufuria, na funguo za motari mmoja ambaye mtoto wake alionekana akizitikisa. Motari akasukuma pikipiki yake siku nenda siku rudi kwa miguu huku abiria wakimzomea. Alikamatwa pia jogoo, akafungwa kikaratasi mguuni, lakini majaribio yake yaliahirishwa kwa sababu mhusika aliruka dirishani.

Ndipo likaletwa gunia la Mama Marthe.

Mama Marthe alikuwa akiuza vichezeo sokoni Baraka, karibu na wauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na alivitengeneza kwa mikono yake. Magari ya vidumu vya mafuta, yenye magurudumu ya kandambili zilizokufa. Mipira ya mifuko iliyokazwa kwa kamba. Makopo ya maziwa yenye vizibo ndani, mdomo umefungwa hasa, ukitikisa yanasema chaka-chaka. Gunia zima lilikamatwa. Asubuhi iliyofuata mwenyewe alisimama mbele ya meza, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Jambo, chef."

"Jambo, mama. Uko na rendez-vous, saa ya kuonana na mi?"

"Niko na gunia. Ilikuja hapa bila mi. Nimeifuata."

"Gunia iko ku examen technique, inapimwa."

"Maskini! Inaumwa fasi gani, kichwa ao tumbo?"

Solange akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

"Mama," Anatole akasema kwa upole wa serikali, "weye unauza tu. Unajua mutoto wa mwaka moja anahitaji nini?"

"Nimezaa saba, nimelea bajukuu tisa. Kitu isipite mu koo, isimukate, na ilie akiipiga. Tena umupe kopo na bitu bikubwa-bikubwa ya kutia ndani. Atatia, atatoa, atatia, atatoa, weye bugali yako inaiva. Njo ile tu."

Anatole alimtazama kwa huruma. "Iko kurasa makumi ine na moja, mama."

"Basi batoto bataisoma wakipata ndevu," Mama Marthe akasema. "Gunia yangu mi nitairudilia." Akatoka bila kuaga, na hiyo ilimuuma Anatole kuliko maneno yenyewe.

Wakati huo Tume ya Ufundi, watu tisa, ilikuwa inakamilisha Kichezeo cha Serikali, Muundo A. Rangi zilikataliwa, maana kila rangi ina chama chake. Magurudumu yalikataliwa, kwa sababu kitu chenye magurudumu kinaweza kutoka nje ya teritwari bila ruhusa ya kusafiri. Sauti ilikataliwa, kwani ofisi inashughulika na utulivu. Mwishoni kilibaki kipande cha mti cha pembe nne, rangi ya majivu, kilo mbili, kimepigwa muhuri pande zote sita.

"Ni salama kabisa," mwenyekiti wa tume akatangaza. "Mutoto hawezi kukimeza."

"Wala kukinyanyua," Solange akasema, akaliandika hilo chini ya kichwa cha habari "Faida".

Barua ikaja kutoka Bukavu: Alhamisi saa nne, Madame Dorothée, mkaguzi mkuu, atafika kuona kwa macho yake mtoto akifurahishwa kwa utaratibu. Anatole alinyoa, akapiga pasi hata tai. Kilichokosekana ni mtoto. Akina mama wa Baraka waliposikia ofisi inatafuta mtoto mdogo, ghafla mji mzima haukuwa na hata mmoja. Waliogopa mtoto atapewa nambari. Migongo yote ilikuwa imebeba kuni.

Alhamisi asubuhi ni Mama Marthe aliyekuja, na mjukuu wake Lionel, miezi kumi na minne, meno manne.

"Nitakupa huyu," akasema, "lakini gunia yangu ikae mule mu sale. Kama ile mubao yenu inashindwa kumufurahisha, gunia inarudi leo, mbele ya batu."

"Haitashindwa," Anatole akasema, na aliamini hivyo kwa moyo wote. Mnaona wenyewe, mtu akikaa na karatasi zake peke yake muda mrefu huanza kuzipenda.

Sale, yaani ukumbi wa ofisi, ilijaa. Wavuvi walikuja, wauza ndagala walikuja, hata yule motari alikuja, funguo zake zikiwa bado kizuizini. Madame Dorothée aliketi mbele, mama mnene mwenye miwani, ambaye uso wake ulikuwa haujasaini ruhusa ya kucheka tangu alipoajiriwa. Lionel akakalishwa kwenye mkeka. Watu wawili wakamletea Muundo A.

Lionel akakitazama. Akakigusa kwa kidole kimoja. Akamgeukia bibi yake na uso wa kuuliza amekosa nini. Kisha akafungua kinywa na kulia, kilio cha mtu anayejua haki zake.

"Sekunde makumi ine," Madame akasema, akiangalia saa.

Anatole akakisogeza kile kipande kulia, akakisogeza kushoto, akakiinamisha, akakisifu. Mtoto akazidi. Bukavu ilikuwa inaondoka, jeep ilikuwa inarudi kinyumenyume mbele ya macho yake, na mlimani madawati yalimngoja. Aliogopa kweli, jamani. Akafanya ambacho kiongozi yeyote hufanya akizidiwa: akafungua kanuni, akaanza kuisoma kwa sauti kubwa ili kilio kisisikike.

"Kwa mujibu wa kifungu cha kwanza, na bila kuathiri masharti ya kifungu kidogo cha pili..."

Lionel akanyamaza.

"...isipokuwa pale ambapo mamlaka husika itaamua vinginevyo..."

Lionel akacheka. Alicheka meno yote manne nje, akipiga mapaja. Anatole akasita kidogo apanguse jasho; mtoto akakunja midomo, tayari kulia.

"Endelea," Madame akaamuru.

Akaendelea. Mtoto alifurahia kila "kwa mujibu wa", lakini kwenye "mamlaka husika" alijitupa kabisa chali kwenye mkeka. Ukurasa wa tisa sale nzima ilikuwa inacheka. Ukurasa wa kumi na sita mwenyekiti wa tume alitolewa nje akikohoa. Dakika ya thelathini ilipogonga, watu wakapiga makofi na vigelegele, na Anatole, sauti imekauka, akainama mara tatu. Alijua amepata. Machozi yalimlenga.

Madame Dorothée hakupiga makofi. Aliichukua kanuni, akasoma kifungu cha tatu, akasoma tena.

"Nani aliandika hii?"

"Ni mi mwenyewe, Madame."

"Iko wazi sana. Félicitations, nakupongeza. Solange, nipe cachet." Akaupulizia muhuri. "Bwana Anatole, geuka."

"Nigeuke?"

"Nipate fasi ya kuweka nambari."

"Madame! Mi si kitu! Mi ni chef wa bureau!"

"'Kitu chochote kile, cha aina yoyote ile,'" Madame akasoma. "Ungetaka kutoa bachef, ungeandika 'isipokuwa bachef'. Uliandika?"

Anatole akapekua kurasa zote arobaini na moja. Alikuwa ameandika "isipokuwa" mara mia na mbili. Kwenye kifungu cha tatu hakuandika hata mara moja.

Mama Marthe akamzunguka taratibu, akambonyeza begani kama anayechagua papai.

"Haipite mu koo," akasema. "Haina makali. Na ukiigusa, inalia. Mi naona ni muzuri."

Akabeba gunia lake kichwani na mjukuu wake mgongoni, akaondoka. Hakuna aliyemdai cheti.

Solange akawekwa chef wa muda. Siku hiyo hiyo alirudisha mabeseni, miiko na funguo, kisha akatia saini ratiba ya mzunguko: Jumatatu Baraka, Jumatano Lweba, Ijumaa Fizi-Centre. Jeep haikupatikana. Kichezeo Nambari Moja kilisafirishwa kwa pikipiki ya yule motari, kikiwa kimefungwa kamba, maana kifungu cha kumi na nne kinataka vichezeo visivunjike njiani. Motari aliikaza kamba kwa heshima zote.

Na kazi ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Watoto walimpenda. Akina mama walipanga mstari, mmoja anapika, mwingine anafua, na yeye mkekani anasoma. Wadogo wakampaka uji, wakamvuta tai, wakamtia vizibo mifukoni na kuvitoa, wakavitia, wakavitoa.

Wiki ya tatu aliandika barua Bukavu, kurasa nne, akieleza kwamba kumetokea kasoro ya tafsiri, na kwamba anaomba kurudishwa ubinadamu, au angalau madawati. Majibu yalimfikia Lweba baada ya siku mbili. Katika historia nzima ya utawala, hakuna aliyewahi kujibiwa haraka hivyo. Alifungua bahasha huku mtoto mmoja wa kike, mwaka na nusu, amemkalia tumboni.

Akasoma kwa sauti, maana alikuwa amekwisha kuzoea: "Ofisi imepokea barua yako. Ofisi inasikitika. Kwa mujibu wa kanuni zilizopo, vichezeo haviandiki barua."

Mtoto akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mama yake, mikono imejaa povu la sabuni, akainua kichwa kutoka kwenye beseni.

"Isome tena ile fasi ya mwisho," akasema. "Anaipenda."