Laban Chini ya Mashua

Sogeeni, enyi wana wa ziwa, na nyinyi mnaochambua mboga chambueni bila kelele, kwa maana naleta habari ya Laban mwana wa Ogola, simba wa kalamu, tishio la karatasi tupu, aliyetoka Kisumu akaivamia Usenge kwenda kuteka kitu ambacho yeye mwenyewe hakujua kina miguu au mapezi. Yeye alikiita msukumo wa kuandika. Sisi akina mama tulikiita uvivu, lakini sisi hatukusoma sana.

Ilikuwa mwaka uliofuata ule wa kutawazwa malkia wa Waingereza. Laban alikuwa karani wa stoo ya pamba, naye alikuwa ameutangazia mji mzima kwamba ni mtunzi wa hadithi. Hadithi zenyewe hapana aliyezisoma. Zilizaliwa vizuri, kisha zikafia njiani kama ng'ombe wa kiangazi. Basi Apiyo, mwuguzi, ambaye wazee wa Laban walikuwa wameshampelekea baba yake mbuzi wa posa, akachoka.

"Bwana Laban," akasema, "mimi siolewi na mtu wa nitaandika, nitaandika. Leo ni hadithi, kesho itakuwa paa la nyumba. Niletee moja iliyokwisha, hata ikiwa fupi kama mkia wa mbuzi. Jumapili ikifika huna, baba atarudisha mnyama wenu."

Shujaa akajibu kwa sauti ya kanisani, "Ewe Apiyo, mji huu umenibana kifua. Katikati ya magunia ya pamba roho haiimbi. Nitasafiri hadi mwisho wa barabara, na huko maneno yatanishukia kama mvua ya masika."

"Nenda basi. Uchukue na mwavuli."

Akanunua kalamu mpya na chupa ya wino dukani kwa Sadrudin, naye Sadrudin akamwambia, "Wino hii mzuri sana, Bwana Laban, lakini haina kutembea peke yake." Shujaa hakusikia. Akapanda basi. Lilipoharibika gurudumu pale Bondo, akasimama sokoni mikono nyuma, akaikazia macho mihogo ya watu ili imtolee siri, mpaka mwenye mihogo akamwuliza ananunua au anaroga. Akaandika, "Ewe Bondo." Hapo majeshi yake yakaishiwa nguvu.

Jumamosi asubuhi akatua kwetu Usenge, ufukweni, tulikokuwa tumeanika omena, dagaa wetu wa ziwa, juu ya nyavu kuukuu. Akapita katikati ya chakula cha watu kwa viatu vyake vya karani, akasimama mbele ya mwanamke mmoja mrefu aliyekuwa akigeuza omena zake, akamzunguka kama mnunuzi wa ndama.

"Ewe mama wa mawimbi," akanena, "usisogee. Nataka kukuandika."

Yule mama hakuinua kichwa. "Seline," akamwita jirani yangu, "huyu kijana ana kifafa?"

Seline, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na ua, akauliza, "Wewe ni wa nani, baba?"

"Mimi ni Laban mwana wa Ogola, mwandishi, kutoka Kisumu."

Yule mama akajifunika leso usoni, akageuka upande wa ziwa.

"Basi, Bwana mwandishi," akasema Seline, "huyo unayempima ni Nyar Alego, aliyemzaa Apiyo."

Sasa jueni, wajukuu zangu, kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Macho kwa macho ni aibu ya kuvunja posa hata kama mbuzi ameshaliwa. Apiyo, ambaye alilelewa na shangazi yake Kisumu, alikuwa amemwambia Laban kwamba kwao ni Usenge. Lakini shujaa hasikilizi, shujaa anatunga.

Basi simba wa kalamu akapiga mbizi. Palikuwa na mashua iliyopinduliwa mchangani, inangoja kuzibwa nyufa, naye akaingia chini yake kwa tumbo, kofia ikabaki nje. Kutoka humo akahutubia, "Enyi mama zangu, mwombeni aliye mbele yenu aondoke kwa amani, nami nitoke kwa heshima."

Nyar Alego akasema bila kugeuka, "Seline, mwambie huyo aliye chini ya mashua kwamba jua limekuja leo baada ya mvua nyingi, na omena hizi ni za watoto wangu. Mimi sikumfuata yeye, yeye amenifuata mimi. Nitaondoka zikikauka."

"Amesema zikikauka."

"Na zitakauka lini, mama?"

"Mwulize jua."

Jua halikumjibu. Mashua ilinuka mafuta ya samaki wa miaka mingi, na siafu wakamletea vita vya kweli, si vya maneno. Ufa ulikuwepo, lakini kwa ufa ule aliona miguu tu. Basi kwa kukosa jingine la kufanya duniani, akafungua wino.

Jioni Nyar Alego akajitwika kapu lake akaenda zake. Laban akatambaa nje, wino shavuni, akatusomea:

"Nimefungwa chini ya mashua na mwanamke nisiyeruhusiwa kumtazama. Naona miguu yake tu. Kisigino cha kushoto kimepasuka, naye hukikanyagia upande, lakini hajakaa hata mara moja. Samaki wake ni wadogo, naye huwageuza kama anayegeuza watoto waliolala. Sasa miguu imesimama. Sasa imekwenda nyumbani."

"Ni hiyo tu?" akauliza Seline.

"Imekwisha, mama. Nimeweka nukta."

Jumapili Apiyo akaisoma, akairudia, kisha akauliza, "Kisigino cha mama kimepasuka tangu lini?" Mwandishi hakujua. Kesho yake Apiyo akaja Usenge na kopo la dawa, akaketi mlangoni kwa mama yake, akaupakata ule mguu.

"Kumbe huyo mkwe alikuwa anatazama," akasema Nyar Alego.

"Uso hakuuona, mama."

"Basi na aoe."

Haya, waandike wenye kuandika. Wengine walileta reli mpaka Kisumu kwa jasho la maelfu. Laban mwana wa Ogola, mshindi wa Usenge, alifika kwenye nukta kwa kufungiwa na mama mkwe. Hadithi ya pili hajaimaliza hadi leo. Anasema anahitaji kusafiri.