Walinzi wa Matambara

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua kugombea uenyekiti wa mtaa. Uchaguzi ni Jumapili ya tarehe 16. Mpinzani ni mmoja tu, Fructuoso Apaza, fundi viatu wa barabara ya nyuma, mtu asiye na mpango wowote duniani. Huko kwake mlango wa duka uko wazi kutwa, akina mama wanafuma vizingitini, watoto wanapiga mpira, mbwa wamelala katikati ya njia. Fujo tupu!

Mimi nina mpango. Nitawamaliza wezi wa barabara yetu. Kusema kweli hatujaibiwa kitu tangu mwaka juzi, lakini mgombea hawezi kukaa akisubiri.

Kwenye nguzo yetu ya umeme inaning'inia sanamu moja ya matambara, kama ilivyo kila mahali hapa mjini El Alto, na kibao shingoni: MWIZI, TUKIKUKAMATA HATUITI POLISI. Imechoka. Mvua imeifuta macho, tumbo limeshuka hadi magotini. Nani ataogopa kitu hicho? Nitatundika sita mpya.

Jumanne, 4 Juni

Nimeshona kutwa. Majani makavu ndani, nguo kuukuu nje. Suruali zikapungua. Nikatoa yangu ya harusi, ambayo hainitoshi tena tangu Delia azaliwe, na Delia sasa ana watoto.

Mke wangu Nieves alirudi kutoka kuuza api, ule uji wetu wa mahindi ya zambarau, akanikuta nimepakata miguu ya mtu. Akauliza kama nimeishiwa na marafiki. Niliendelea kushona. Uongozi una upweke wake.

Jumatano, 5 Juni

Zimepanda zote sita! Ngazi niliazima kwa Bi Teodora, mjane wa nyumba ya samawati, anayeishi kwa mashine yake ya kufumia masweta. Alisema sanamu zinamtia hofu hata akitoka kumwaga maji. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yao.

Dosari moja ndogo. Sanamu ya tatu, ukiitazama kutoka chini, inafanana na mimi. Nadhani ni suruali. Fructuoso alipita, akaivulia kofia, akaiamkia kwa heshima zote na kuiuliza habari za kampeni. Watu walicheka. Hata Nieves alicheka, na birika mkononi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimegundua kizuizi. Ni Nieves.

Meza yake iko pale pembeni, barabara yetu inapoanza, kwa miaka kumi na mmoja sasa. Tangu alfajiri ana api ya moto na maandazi ya jibini, na wateja wamemzunguka na vikombe mikononi, wanapiga soga. Mwizi akiingia anawaona wao kwanza, sanamu baadaye. Na penye kundi la watu, mwizi atakosaje mahali pa kujificha? Nikamweleza haya yote kwa utulivu. Nikamwomba ahame, kwa muda tu, hadi uchaguzi upite.

Aliweka birika chini.

"Baba Delia, unanifukuza mimi?"

Nikasema si kufukuza, ni kupanga mtaa. Akafunga birika na vikombe kwenye nguo ya kubebea mgongoni, akaondoka. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele kidogo.

Jumamosi, 8 Juni

Amehamishia biashara barabara ya nyuma! Mlangoni kwa Fructuoso! Amepewa benchi na turubai la kukingia upepo. Wateja wote wamemfuata, msaliti mmoja baada ya mwingine.

Sawa. Barabara yetu sasa ina kimya safi, kimya cha mitaa ya matajiri. Watoto hawachezi hapa tena, wanasema sanamu ya pili inawakodolea macho. Waliokuwa wakikatiza kwetu kwenda sokoni wanazunguka nyuma. Leo nimekaa mlangoni saa nzima kukagua usalama. Sikuona mtu yeyote, isipokuwa mimi na wale sita.

Chai nimekunywa baridi. Nieves huondoka kabla sijaamka.

Jumanne, 11 Juni

Sanamu ya nne imevuliwa koti. Mchana kweupe! Koti zuri, la sufu. Sasa inaning'inia na fulana katika baridi hii ya Juni, hata mimi nimeionea huruma.

Nimeandika kibao cha pili: USIIBE SANAMU.

Alhamisi, 13 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa sababu nimejiahidi kuandika kila kitu.

Saa nne asubuhi Bi Teodora alikuwa zahanati. Mtu mmoja mwenye ovaroli ya wauza gesi alikuja na mkokoteni, akaingia kwake, akatoka na kitu kikubwa kimefunikwa blanketi. Hakuwa na haraka. Alinisalimia. Gurudumu lilipokwama mtaroni nikamsaidia kunyanyua, maana mgombea lazima aonekane akisaidia. Nikamwomba kura. Akasema nimeipata.

Ilikuwa mashine ya kufumia.

Bi Teodora hakulia. Alisimama pale mashine ilipokuwa, akawa anapangusa vumbi la mezani kwa kiganja. Ana masweta manane ya watu hayajaisha. Nimeona aibu, na sitaki kuandika zaidi juu ya aibu hiyo.

Nieves alipoambiwa, aliuliza swali moja tu: huyo muuza gesi alikuwa na kitambi? Nikasema hapana, mwembamba.

"Wetu ana kitambi, tena huja Jumatano. Angepita mbele yangu ningemwita, nimpe kikombe, nimuulize ametoka wapi. Miaka kumi na mmoja, Baba Delia. Ulidhani nakaa pale nauza api tu?"

Nikamwambia amechoka, akalale. Akasema hajachoka hata kidogo.

Jumamosi, 15 Juni

Barabara ya nyuma wamemtafutia Bi Teodora mashine ya kuazima. Anafumia dukani kwa Fructuoso, kati ya viatu, karibu na benchi la Nieves. Nimepita huko kwa siri. Nilisalimiwa na watu tisa na mbwa mmoja, na wanne kati yao waliniuliza naenda wapi. Watu wambea kweli! Huwezi kutembea kwa siri hata hatua kumi.

Jumapili, 16 Juni

Nimepata kura mbili. Moja ni yangu. Nieves anasema ya pili si yake. Namshuku yule mwizi, ingawa sijui aliingiaje kwenye daftari la wapiga kura.

Mwenyekiti mpya alikuja kunipa mkono. Sikufurahi, lakini mkono nilimpa. Akasema hana neno na sanamu, ila ingekuwa vizuri barabara yetu ipate watu tena. Maneno matupu, hana mpango!

Jioni nikamwomba Nieves arudi pembeni pake. Nyumba imepoa. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba nyumba imepoa na siipendi hivi. Akanimiminia api iliyobaki, ya kwanza tangu Alhamisi ile niliyomwomba ahame. Kisha akasema atarudi siku hiyo hiyo nitakaposhusha sanamu zote sita.

Zote sita! Mishono ile ilinichukua siku nzima. Nikaomba muda wa kufikiri.

Jumatatu, 17 Juni

Nimefikiri, na nimepata njia ya kumridhisha kila mtu.

Nimekubali kwamba Nieves alikuwa na hoja. Pale pembeni panahitaji mwanamke mwenye birika. Basi nimemshona! Sketi yake ya zamani ya marinda, shali, kofia ya duara, misuko miwili ya nywele ya uzi mweusi. Nimemkalisha penye meza ya zamani na birika la akiba. Muuza mkate alimwamkia mara mbili, akakasirika kwa kutojibiwa. Nieves mwenyewe alipita akienda barabara ya nyuma, akasimama, akajitazama kutoka kofia hadi viatu. Akasema angalau huyo hatahama nikimfukuza. Akaendelea na safari yake.

Ilipofika saa nne birika lilikuwa limeibwa. Kofia pia.

Nimekaa nikachunguza kosa liko wapi, na nimeliona, wazi kabisa! Mtu mmoja peke yake pembeni hawezi kulinda barabara. Lazima awe amezungukwa na watu. Wasimame pale tangu alfajiri, na vikombe mikononi, kama enzi zile.

Kesho nashona wateja wanne. Suruali iliyobaki ndani ya nyumba ni hii niliyovaa, lakini si kitu. Barabara nzima haina mtu, nani ataniona?