Kidole Mbele ya Pua

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu atakayefeli kipimo cha macho. Ndivyo ulivyosema waraka wa Mkurugenzi wa Afya ya Macho, na Sista, muuguzi wa chumba namba nne, aliusoma mara mbili akidhani amekosea yeye.

Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi tu. Mgonjwa anaziba jicho moja, anakazia pua ya Sista, na Sista anachezesha kidole pembeni. Asiyekiona huenda ana glakoma, ugonjwa unaokula macho kutokea pembeni, taratibu, bila maumivu, na ukishakula haurudishi. Mtu akiwahi, matone huokoa kilichobaki.

Tatizo, kwa mujibu wa Kamati ya Uboreshaji, ni kwamba watu wengi mno walikuwa hawakioni kidole. Takwimu zilitia aibu. Kamati ikajifungia hotelini siku tisa, ikachambua kwa kina, ikabaini kiini: kidole kilikuwa kinawekwa mahali pasipoonekana. Sasa kitachezeshwa mbele ya pua.

"Lakini Mheshimiwa," Sista alisema Mkurugenzi alipokuja kuzindua, "hapo hata mwenye glakoma atakiona."

"Ndiyo maana ya kuboresha, Sista. Acha ubishi."

Wiki hiyo walifaulu wote. Mama mmoja, fundi cherehani, aliingia akigonga mwimo wa mlango kwa bega, akatoka na cheti akigonga mwimo wa pili. Sista roho ilimuuma. Akamkimbilia, akampima kwa njia ya zamani nyuma ya choo, akamwandikia matone.

"Tafadhali mama," alimnong'oneza, "usimwambie mtu kwamba nimekupima vizuri."

Ijumaa Mkurugenzi alirudi, safari hii kwa mlango wa nyuma, bila mpiga picha. Bega lake la kushoto likaugonga mwimo, pa!

"Sista," alisema kwa sauti ya chini, "mwezi huu nimekwaruza gari mara tatu, zote upande huu. Nipime."

Sista akachezesha kidole mbele ya pua yake. "Umekiona?"

"Nimekiona."

"Hongera sana. Cheti hiki hapa."

"Jamani, usinitanie! Naogopa. Nipime kwa kile cha zamani."

"Kile kimefutwa, Mheshimiwa. Mpaka mwenyekiti wa Kamati akirudishe."

"Mwenyekiti si ni mimi?"

"Basi mambo yamenyooka." Sista akatandaza karatasi pana, amri ya kukirudisha kipimo cha zamani, aliyokuwa ameichapa tangu Jumanne. "Ila haikirudishi kwa mtu mmoja. Ni kwa wote."

"Wote? Takwimu zangu je?"

"Zitaanguka, Mheshimiwa."

Mkurugenzi akaangalia mlango, akapapasa bega lake, akashika kalamu. "Nisaini wapi?"

"Hapo kushoto, penye jina lako."

Alikodoa macho katikati ya karatasi kwa muda mrefu. Sista, aliyekuwa amebana kicheko wiki nzima, hakutaka tena kucheka.

"Sista, mbona kushoto hakujaandikwa kitu?"

"Kumeandikwa. Geuza shingo, baba."

Akageuza, akageuza tena kidogo, ndipo akaliona jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa kuliko zote. Akasaini.

"Haya," Sista alisema, akivuta kiti. "Ziba jicho la kulia. Niangalie pua."